Picha ya Kompyuta Inapovishwa Sura ya Karatasi



Katika matawi mengi siku hizi, picha za mikutano na za wenzetu wanaostaafu hupigwa kwa simu. Zinapotakiwa kubandikwa ubaoni au kutiwa katika kitabu cha kumbukumbu, watu huziona hazina uzito. Hazifanani na zile picha za karatasi zenye ukingo mweupe, ambazo wazee wetu walipigwa studio wakazihifadhi ndani ya bahasha. Hapo ndipo kijana anayejua kompyuta huombwa azivishe sura hiyo ya zamani.

Tunaieleza kazi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tawi lolote linaweza kuifanya lenyewe bila kumlipa fundi. Ya pili ndiyo kubwa: mfanyakazi anayeonyeshwa picha "ya zamani" katika ugomvi wa kazi anapaswa kujua jinsi sura ile inavyotengenezwa.

Programu ya kutumia si lazima iwe ya kununua. Iko moja iitwayo GIMP, iliyoanzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo hutolewa bure. Programu za namna hii hufanya kazi kwa matabaka. Fikirini karatasi za nailoni zinazopitisha mwanga, zimelazwa moja juu ya nyingine: moja ina picha, nyingine ina ukingo, nyingine ina kivuli. Ukiharibu moja, nyingine hazidhuriki.

Anza na kipimo. Picha ya kawaida ya studio ni inchi 4 kwa 6, yaani kama sentimita 10 kwa 15. Ili itoke safi kwenye karatasi huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha yako iwe na nukta zisizopungua 1200 kwa 1800. Kisha ongeza ukingo mweupe wa kama milimita 5 pande zote.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwani huweka weupe mtupu. Kompyuta hupima kila rangi, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255, na weupe mtupu ni 255 kwa zote tatu. Hakuna karatasi iliyofika hapo, sembuse iliyokaa kabatini miaka thelathini. Weka kama 250, 246 na 236, nawe utaona ukingo unakuwa na rangi ya maziwa. Weusi nao ni vivyo hivyo. Weusi wa karatasi si giza la shimo, kwa hiyo upandishe kidogo kutoka 0 hadi kama 25.

Kivuli ndicho kinachofanya picha ionekane imelazwa juu ya meza. Kama mwanga unatoka juu kushoto, kivuli kiangukie chini kulia. Kiwe na kingo laini, tena kififishwe hadi chini ya nusu ya nguvu yake. Picha za karatasi hujikunja pembeni, kwa sababu tabaka lenye dawa na karatasi iliyo chini yake havinywi unyevu kwa kiasi kimoja; hewa ikikauka, upande wenye dawa huvuta ndani. Basi pembe iliyonyanyuka iwe na kivuli kipana kilichofifia, na mahali picha ilipolala kiwe chembamba na cheusi zaidi. Ukiweka kivuli cha upana mmoja pande zote mbili, mtu huona mara moja kuwa ni kazi ya mashine, ingawa pengine hawezi kueleza kwa nini.

Zinabaki chembechembe na uzee. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe, picha hufanyizwa na chembe ndogo za fedha, na chembe hizo huonekana zaidi katika sehemu za kijivu kuliko katika giza kuu au weupe mkali. Uzee hutegemea aina ya picha. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi yake ya samawati hupotea kwanza hata zikiwa gizani. Zile za nyeusi na nyeupe ambazo fundi hakuzisuuza vizuri hupata madoa ya manjano na hudhurungi. GIMP ina amri moja ya kuzeesha picha kwa mpigo, lakini tunaona matokeo yake yanafanana mno, kama mashati ya sare.

Muda wote wa kazi hii, kwa mtu aliyezoea, haufiki nusu saa. Na programu zilizoenea tangu mwaka 2022, zinazochora picha kutokana na maneno tu, hufanya kwa nukta chache. Sura ya karatasi, basi, si ushahidi wa jambo lolote.

Mfano unaojulikana ni wa Marekani. Mwaka 2004 John Kerry, askari wa zamani wa vita vya Vietnam aliyekuja kuvipinga vita hivyo, alikuwa akigombea urais. Ikasambazwa picha iliyomwonyesha amesimama jukwaani pamoja na mwigizaji Jane Fonda, ambaye askari wengi wa zamani walimchukia kwa sababu alikwenda Hanoi mwaka 1972. Picha ile ilivishwa sura ya kipande cha gazeti la zamani, chenye maelezo chini yake na jina la shirika la habari la Associated Press. Wengi waliamini, kwani nani angebishana na gazeti lililochakaa?

Ukweli ni kwamba zilikuwa picha mbili. Ya Kerry ilipigwa na Ken Light mwezi Juni 1971 katika jimbo la New York, akiwa peke yake mbele ya kipaza sauti. Ya Fonda ilipigwa na Owen Franken mwaka 1972 huko Florida. Ni kweli Kerry na Fonda waliwahi kuhudhuria mkutano mmoja mwaka 1970, lakini jukwaa lile la pamoja halikuwapo. Kilichomsaidia Light si maneno matamu. Alikuwa bado na negativu, ule utepe wa filamu wenyewe, na ndani yake hakuna Fonda.

Sasa tuseme umeitwa ofisini, ukaonyeshwa kwenye simu picha ya karatasi kuukuu inayodaiwa kukuonyesha mahali fulani, mwaka fulani. Omba kwanza kuishika karatasi yenyewe, igeuze uone mgongo wake. Tazama ukingo. Ukingo mweupe ulizibwa usipate mwanga wakati wa kusafisha picha, kwa hiyo chembe za fedha hazipiti hapo. Lakini doa la maji au unjano wa uzee hauogopi mpaka, huvuka. Ukikuta chembechembe zimetapakaa hadi ukingoni, na madoa yamekoma sawasawa kwenye mstari, uliza maswali. Alama hizi hazitoshi peke yake, maana simu iliyopiga picha ya karatasi huongeza chembechembe zake. Jambo la kudai ni asili: negativu, au faili la kwanza lililotoka kwenye kamera.

Na sisi tuhifadhi za kwetu. Mtambo usio na kinga au mkono uliojeruhiwa ukipigwa picha, faili la simu huandika ndani yake tarehe, saa na aina ya simu. Habari hizo zinaweza kubadilishwa, lakini ni heri kuwa nazo. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hufutwa; itume kama hati, zitabaki. Faili la asili lisiguswe. Liwekwe mahali pawili, pamoja na jina la mpigaji na mahali palipopigwa. Ile ya kupamba iwe nakala yenye jina jingine, na chini yake paandikwe kwamba imetengenezwa kwa kompyuta. Ikiwa mtaichapa kwa karatasi ya picha na kuibandika ubaoni, ondoeni tabaka la kivuli kabla ya kuchapa, kwa kuwa karatasi itatoa kivuli chake.