Dhamana ya Siku 90: Tijara ya Watumishi wa Ghuba

Katika tijara zilizostawi pwani yetu na bara yake kwa miaka ya karibuni, hapana inayozungumzwa kwa ndimi mbili kama hii ya kupeleka watumishi wa nyumbani katika nchi za Ghuba. Maana mtaa ule ule unaosifu nyumba iliyoezekwa kwa riyali ndio unaochangishana nauli ya kumrejesha binti wa jirani, na mawakala wenyewe, ambao mabango yao yameenea kutoka Mombasa hadi vichochoro vya Nairobi, hawakosi jamaa katika pande zote mbili.

Fedha zake si za kubezwa. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walipeleka nyumbani takribani dola bilioni 5, kima kilichopita kwa mbali mapato ya majani ya chai, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi za mbele katika hesabu hiyo. Mtumishi wa Kenya huko aghalabu huandikiwa riyali 900 kwa mwezi, yaani shilingi 31,000 hivi, ilhali kima cha chini cha sheria kwa mtumishi wa nyumbani katika miji yetu mikubwa kilipandishwa mwishoni mwa mwaka huo kikafika shilingi 16,000 na ushei, nacho majumba mengi hayakilipi.

Mwendo wa mali wajulikana na wengi: mwenye nyumba wa Ghuba huilipa maktab (ofisi ya kuajiri) ya kwao, maktab humtumia wakala wa huku ujira wake kwa kila kichwa, na wakala humkatia dalali wa kijijini fungu lake. Lisilosemwa sana ni masharti yanayofuatana na ujira huo, na hayo tuliyapata kwa wakala mmoja wa Mombasa, mtu mzima mwenye tasbihi mkononi na mtoto wa meza aliyejaa pasi zilizofungwa kwa mipira, aliyekubali kusema maadamu jina lake halitatajwa.

Malalamiko yake ni haya. Yeye ndiye anayegharimia pasi, vipimo vya afya, na mafunzo ya kupiga pasi na kuendesha mashine ya kufulia. Yeye ndiye anayengoja maktab ilipe, nayo hulipa ipendapo. Na juu ya hayo yote, kwa siku 90 za mwanzo mwenye nyumba wa Saudi Arabia ana dhamana, kama ya redio iliyonunuliwa dukani, kwamba binti akikataa kazi, akiugua au akionekana hafai, wakala atampeleka mwingine kwa gharama zake au atarudisha fedha. "Mwenye nyumba ana dhamana, maktab ina dhamana," alisema, "mimi peke yangu sina." Sheria, aliongeza kwa uchungu, yamkataza kumtoza binti ada ya kazi, basi hasara hiyo aitoe wapi? Hakutaka kuulizwa zaidi juu ya hao wanaoitoa katika mishahara ya miezi ya mwanzo.

Tulimwuliza afanyavyo binti anapopiga simu siku ya 40 akilia kwamba halali usiku, au kwamba mwana wa mwenye nyumba humwingilia chumbani. Alijibu bila ya kuficha kwamba kwanza humwomba asubiri, kisha humtafuta mamaye mzazi amwombe asubiri, kisha humkumbusha gharama. Na baada ya siku 90? "Hapo mzigo si wangu tena." Sisi hatudhani kwamba mtu huyu ni mwovu kuliko wenziwe, ila mkataba umepangwa hivi kwamba anayetakiwa kuwa mtetezi wa binti ndiye anayepata hasara binti anapolalamika, na ajabu ingekuwa kama angemsikiliza upesi.

Hapa ndipo haki za binadamu zinapoingia dukani. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, na sheria za kuzuia biashara ya binadamu zilizotungwa Tanzania mwaka 2008 na Kenya mwaka 2010, haziishii kwa mtu aliyetekwa na kutiwa minyororo: humhesabu pia aliyesafirishwa kwa hadaa, au kwa kutumiwa udhaifu wake, kwa nia ya kutumikishwa, na ridhaa iliyopatikana kwa hila hizo si hoja ya kumwokoa mshitakiwa. Binti aliyetia sahihi karatasi ya Kiarabu na Kiingereza asizozisoma, aliyenyang'anywa pasi mlangoni, na anayejua kwamba akitoka nje kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, ataripoti hurubu (utoro), naye awe mhalifu kwa kuikimbia dhulma, hayuko mbali na maneno hayo ya sheria. Walakini kesi zinazofika mahakamani aghalabu ni za dalali mdogo asiye na leseni. Mwenye leseni huulizwa karatasi, nazo huwa kamili.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2024 yataja dola bilioni 236 kuwa faida haramu ya kazi za kulazimishwa duniani kila mwaka, nyingi zikitokana na ngono. Ya majumbani ni sehemu ndogo, na mshahara asiolipwa mtumishi haupiti benki yoyote. Hubaki tu mfukoni mwa mwenye nyumba.

Afisa mmoja wa serikali anayeshughulikia kazi za ng'ambo, ambaye naye hakutaka kutajwa, alituhakikishia kwamba malalamiko ni machache mno yakilinganishwa na wasafiri, na kwamba utoaji wa leseni umekwisha kusafisha soko. Yawezekana. Lakini lalamiko huhesabiwa likifika ofisini, na simu ndicho kitu cha pili kuchukuliwa baada ya pasi. Hata marufuku ya Kenya ya mwaka 2014, iliyoondolewa 2017, haikuwazuia waliopitia Uganda. Iliwapunguzia karatasi za kudaia haki tu.

Ng'ambo nako kuna mageuzi. Saudi Arabia iliweka mwaka 2013 kanuni ya mapumziko ya saa tisa kwa siku kwa watumishi wa nyumbani, kisha mwaka 2024 zikaanza kutumika kanuni mpya. Ila ule uhuru wa kubadili mwajiri ulioanza Machi 2021 haukuwahusu wao. Na ni mkaguzi gani atakayebisha hodi nyumbani kwa mtu kuhesabu saa za usingizi wa mpishi? Wakala wetu alicheka tulipomsomea kanuni hizo.

Wapo wanaopendekeza kwamba dhamana iende njia mbili, binti naye awe na siku 90 za kurudi kwa nauli ya kafili na mshahara wake mkononi, ukilipwa na amana ya wakala kafili akikataa. Mawakala wasema soko litahamia nchi jirani, na huenda wasema kweli, maana lilipata kuhama. Kwa sasa maombi yatapanda kama kawaida kabla ya Ramadhani, ujira wa kila kichwa utapanda nayo, na mshahara wa riyali 900, kwa kadiri tulivyoambiwa, hautarajiwi kuguswa.