Albamu ya Nyimbo za Asili: Kipi ni cha Mtunzi, Kipi ni cha Jamii

Msanii wa nyimbo za asili kutoka Mikindani, Msimbati au vijiji vilivyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma anapoingia studio kurekodi albamu, huwa amebeba mali za aina mbili. Ya kwanza ni nyimbo alizozitunga mwenyewe. Ya pili ni viitikio, midundo na mafumbo aliyoyapokea kwa wazee, ngomani na katika shughuli za jando na unyago. Kwa msikilizaji vyote hivyo ni albamu moja, lakini sheria haivilindi kwa njia moja. Asiyevitenganisha mapema huweza kupoteza hata kile kilichokuwa chake kwa haki.

Suala hili si geni katika mikoa ya kusini. Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa havijamalizika, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, Ujerumani, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1908, Weule alimtaja kwa jina mwimbaji kipofu aliyemkuta Masasi, Sulila. Kutajwa huko ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa sauti nyingi zilizonaswa katika makoloni enzi hizo ziliandikwa jina la msafiri aliyezikusanya na la kabila tu, bila jina la mwimbaji. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na kukusanya maelfu ya silinda za aina hiyo kutoka sehemu mbalimbali za dunia, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999.

Silinda moja ya nta ilichukua dakika chache tu. Wimbo uliozoea kukesha ulilazimika kukatwa ili utoshe, na hali hiyo haijabadilika sana: redio nayo hupendelea wimbo wa dakika tatu au nne, ilhali ngoma ya Kimakonde huanza jioni na kuisha alfajiri. Studio yenyewe ina masharti yake. Baadhi ya ngoma ndogo za Wamakonde zina mguu uliochongoka unaokitwa ardhini, jambo lisilowezekana kwenye sakafu ya vigae. Unyevunyevu wa pwani hulegeza ngozi, hivyo mpigaji huhitaji moto wa kuikaza kabla ya kila awamu. Waitikiaji nao hujibu vizuri zaidi wanapomwona kiongozi wao kuliko wanapomsikia kwa vipokea sauti vya masikioni. Ndiyo maana kurekodi uwanjani, palepale ngoma inapochezwa, mara nyingi hutoa matokeo bora kuliko chumba kilichofungwa.

Mfano wa karibuni wa njia hiyo, ingawa si wa Mtwara, ni albamu ya Maisha ya kundi la The Zawose Queens, iliyotolewa mwaka 2024 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, ndio walioirekodi. Kwa miaka mingi wanawake wa familia hiyo ya Kigogo walisikika zaidi kama waitikiaji. Katika Maisha wao ndio wanaoongoza, na majina yao ndiyo yaliyoandikwa.

Mapokezi ya wimbo wa asili hayatabiriki. Maria Salome wa Saida Karoli, ulioimbwa kwa Kihaya, ulivuma nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 miongoni mwa watu wengi wasioelewa hata neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny alitoa Salome, uliojengwa juu ya wimbo huo, na kizazi kipya kikaanza kuuliza mwenye asili ni nani. Swali hilo lilijibika kwa urahisi kwa sababu wimbo ulikuwa na jina la mtu. Sindimba haikuwa na bahati hiyo. Baada ya Uhuru, kikundi cha taifa cha ngoma kiliichukua na kuieneza hadi mashuleni, ikawa ngoma ya kila mkoa, na waliotunga nyimbo zake huko kusini hawajulikani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake tangu anapoitunga, kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) hauzai haki hiyo. Unatoa ushahidi pale mgogoro unapotokea. Aliyegharamia studio ana haki katika rekodi, si katika utunzi, isipokuwa mkataba uwe umemhamishia. Hapa ndipo wasanii wengi hukwama, kwa kuwa mkataba husainiwa siku ya kurekodi, vyombo vikiwa vimeshafungwa na nauli ya waitikiaji ikidaiwa.

Kwa nyimbo za jamii, sheria hiyohiyo inataka kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) pale zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila, na chanzo chake kitajwe. Kuazima kiitikio cha mababu ili kutunga kazi mpya hakuzuiwi. Kinachozuiwa ni kukigeuza kiitikio hicho kuwa mali ya mtu mmoja. Aidha, zipo nyimbo za unyago ambazo wenyewe hawataki zitoke nje ya unyago, na kwa hizo ushauri wa makungwi unapaswa kutangulia kibali chochote.

Kwa pwani ya Ruvuma kuna jambo la ziada. Wamakonde wanaishi kandokando zote mbili za mto, Mtwara na Cabo Delgado, na baadhi ya nyimbo huimbwa pande zote. Tanzania na Msumbiji ni wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO), ambalo Itifaki yake ya Swakopmund ya mwaka 2010 inazitambua jamii zilizogawanywa na mipaka. Kwa msanii, hatua ya kwanza ni ndogo: kuandika kwenye jalada la albamu, kwa kila wimbo, jina la mtunzi au jamii iliyoutoa, mahali alikojifunzia, na majina ya wapiga ngoma na waitikiaji wote. Maofisa utamaduni wa halmashauri wanaweza kumsaidia kuandaa orodha hiyo kabla ya kwenda studio.