Dawa Imepimwa na Kufaulu: Imefaulu Mtihani Gani?

Mwaka 2009 Metakelfin bandia, dawa ya malaria, ilikutwa katika maduka ya dawa 40 hapa Tanzania. Kasoro yake ilikuwa upungufu wa viambata hai, yaani kile kinachotibu hasa. Kidonge cha unga mtupu hukamatwa kwa urahisi. Kinachosumbua wapimaji ni kidonge chenye dawa kidogo, kwa sababu hapo kipimo chenyewe huanza kuulizwa maswali.

Mkoani Katavi maswali hayo yana uzito wake. Mchimbaji wa dhahabu, mkulima wa Mishamo au mvuvi wa Karema akipata homa hununua dawa duka lililo karibu, mara nyingi duka la dawa muhimu. Maabara kuu ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda. Huwezi kutuma kila boksi huko ukasubiri majibu huku wagonjwa wamepanga foleni.

Ndiyo maana wakaguzi wakapewa Minilab, maabara ya kubeba iliyobuniwa na shirika la hisani la Ujerumani, Global Pharma Health Fund. Tanzania ilianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 2000, mipakani na mikoani, kwa lengo la kuchuja: dawa inayotiliwa shaka ndiyo inayosafirishwa kwenda maabara kuu.

Mkaguzi huanza na macho. Anasoma maandishi ya boksi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda. Kisha anatumbukiza kidonge kwenye maji ya nyuzi joto 37. Kidonge cha kawaida kisipomeguka ndani ya dakika 30, kina walakini. Kingine hutwangwa, unga wake ukaloweshwa kwenye kimiminika kama methanoli na kuchujwa. Kwa mrija mwembamba anaweka tone dogo kwenye sahani iliyopakwa silika, na pembeni yake matone mawili ya dawa halisi: moja lenye nguvu ya asilimia 100, jingine asilimia 80. Sahani inasimamishwa kwenye chupa yenye kimiminika kidogo, nacho kinapanda polepole kama mafuta kwenye utambi wa kibatari, kikiyavuta matone. Chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno sahani inang'aa kijani na dawa nyingi huonekana kama madoa meusi. Doa likifika kimo sawa na la dawa halisi, dawa inahesabiwa kuwa ni ileile. Likiwa hafifu kuliko la asilimia 80, dawa imeshindwa.

Kwa vifaa vinavyoenea kwenye masanduku, hiyo ni kazi nzuri sana. Lakini jicho la mtu haliwezi kutofautisha doa la asilimia 85 na la 95. Vitabu vya viwango vya dawa hutaka vidonge vingi viwe kati ya asilimia 90 na 110. Kwa hiyo kidonge chenye asilimia 82 kinaweza kufaulu Mpanda, kikashindwa Dar es Salaam, na wapimaji wote wawili wakawa sahihi.

Kuna jambo zito zaidi: kumeguka si kuyeyuka. Kidonge kinaweza kusambaratika vizuri majini huku dawa yenyewe ikibaki imeng'ang'ania kwenye chembe, isiingie kwenye damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima vidonge vya SP kutoka maduka binafsi ya jumla ya Dar es Salaam, wakati SP ikiwa chaguo la kwanza la kutibu malaria nchini. Takriban sampuli moja kati ya kumi ilishindwa kwa kiasi cha dawa, lakini zaidi ya theluthi zilishindwa kipimo cha uyeyukaji. Kipimo hicho Minilab haikifanyi.

Na kipimo huona kile ulichokitafuta. Mwaka 2022 vifo vya watoto wasiopungua 66 nchini Gambia vilihusishwa na dawa za maji zenye dayethilini glikoli, sumu inayoua figo. Ukipima dawa ya namna hiyo kujua tu kama parasetamoli imo, utajibiwa kwamba imo, na jibu litakuwa la kweli.

Tena kilichopimwa ni vidonge vichache. Tuseme duka lina dawa ambayo pakiti moja kati ya ishirini ni bandia, na mkaguzi akachukua pakiti tano bila kuchagua. Uwezekano wa kukosa zote bandia ni takriban asilimia 77. Uholanzi, ambako tangu 1992 watumiaji hupeleka hata dawa za kulevya zipimwe, kizuizi ni hichohicho: jibu ni la kidonge kilichofika maabara, si la mwenzake kilichobaki mfukoni.

Muda nao haupimwi. Boksi lililofaulu mwezi wa sita linaweza kukaa chini ya bati la moto hadi Oktoba. Na hata dawa safi kabisa inaweza kuchelewa kumaliza vimelea: mkoani Kagera tayari vimeonekana vimelea vya malaria vyenye mabadiliko yanayovifanya vihimili kiasi artemisinini, nguzo ya dawa ya mseto.

Kwa hiyo msomaji, ukimaliza dozi ya mseto na homa ikabaki, usikubali kutulizwa kwa neno "dawa hii imepimwa". Rudi kituoni upimwe tena mapema, ukiwa na boksi lenye namba ya toleo, na umwombe mhudumu aripoti TMDA. Bila namba hiyo, mkaguzi hana pa kuanzia.