Huntington Haijakubali Yaishe

Agosti 15, 2016, wahudumu wa magari ya wagonjwa wa Huntington, mji ulio kando ya mto Ohio katika jimbo la West Virginia, Marekani, walielemewa. Ndani ya saa chache tu, watu zaidi ya 20 walizidiwa na heroini iliyotiwa dawa kali kuliko waliyoizoea. Huyu hajazinduka, simu inalia kwa ajili ya mwingine.

Balaa hilo halikuanza na wauza unga. Lilianzia duka la dawa, kwa cheti cha daktari. Dawa ya maumivu ya OxyContin ilipoingia sokoni mwaka 1996, madaktari waliaminishwa kwamba mgonjwa wa maumivu hawi mraibu kirahisi. Vidonge vilipokuja kubanwa, walionasa wakahamia heroini, kisha fentanili.

Mwaka 2017 mji na wilaya yake ya Cabell walikwenda mahakamani kuwadai wasambazaji watatu wakubwa wa dawa: AmerisourceBergen, Cardinal Health na McKesson. Hoja yao ni kwamba vidonge hivyo vimeleta kero kwa umma, na aliyeleta kero ndiye wa kugharimia kuiondoa. Kati ya 2006 na 2014, vidonge zaidi ya milioni 80 vya maumivu, vya haidrokodoni na oksikodoni, viliingia Cabell, wilaya yenye watu wasiofika laki moja. Ni zaidi ya vidonge 800 kwa kila mkazi, vichanga wakiwemo.

Kesi ilisikilizwa Charleston mwaka 2021. Mahakama ilionyeshwa barua pepe ambamo wakubwa wa kampuni mojawapo walitumiana mashairi ya kuwadhihaki watu wa milimani kuwa ni walevi wa vidonge. Mmoja wao aliomba radhi akiwa mbele ya jaji.

Utetezi wa kampuni ulikuwa mwepesi: daktari kaandika, duka lenye leseni limeagiza, sisi tumepeleka. Julai 4, 2022, Jaji David Faber akaukubali na kuitupa kesi. Sikubaliani naye. Daktari humwona mgonjwa wake, mwenye duka huona wateja wake; msambazaji ndiye mwenye daftari la wilaya nzima, na sheria inamtaka atoe taarifa aonapo oda ya kutia shaka. Mwenye daftari hilo hawezi kusema hakujua.

Miji na wilaya nyingine za jimbo hilo zilipatana na kampuni hizo kwa dola milioni 400. Huntington na Cabell walikata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nne ilitengua hukumu na kurudisha kesi mahakama ya chini.

Wanachodai ni takriban dola bilioni 2.5, za mpango wa tiba na kinga wa miaka 15. Kazi yenyewe haikungoja hukumu. Tangu 2017, aliyenusurika baada ya kuzidiwa na dawa hutembelewa ndani ya siku tatu na mhudumu wa afya, polisi, mshauri wa tiba na kiongozi wa dini. Hawaji na pingu. Wanamuuliza kama yuko tayari kutibiwa, na akisema bado, watabisha hodi tena. Kituo cha Lily's Place, kilichofunguliwa 2014, hulea vichanga wanaozaliwa na arosto, wanaotetemeka na kulia kwa dawa ambayo hawakuichagua. Miaka 15 ya mpango huo, walio wadogo kabisa kati yao wataimaliza wakiwa sekondari.