Usimpige mwenye kuleta karatasi ya tribinali

Karatasi ya tribinali inaweza kufika mu nyumba yoyote: mwenye nyumba anadai kodi, ao wandugu wanagombania nyumba ya marehemu. Anayeileta ni wisie. Yeye hakukata neno. Juji ndiye alikata, yeye anatumwa tu. Lakini ni yeye anatukanwa na kurushiwa mawe, juu ni yeye anaonekana pa mlango.

Tunawaambia mababa wa kazi na mamama wa nyumba: ngumi ile iko na bei kali. Mu sharia ya Kongo, mwenye kupiga jirani bila kupanga mbele na bila kumletea ugonjwa anaweza kufungwa miezi 6, haipite pale. Mwenye kushambulia mtu anayetimiza neno la tribinali anahesabiwa muasi: buloko inaweza kufika mwaka 1. Na kama vijana wa kartie walipatana mbele kumngojea, inaweza kufika miaka 5. Yale mapatano ya mangaribi, «kesho akifika tutamuonyesha», ndiyo yanaongeza miaka.

Kukataa karatasi nako hakusaidie. Wisie anaandika kama ulikataa, na sharia inahesabu kama uliipokea.

Tuangalie upande mwingine. Mfanyakazi anafukuzwa kazi bila malipo ya mwisho. Enspekta wa kazi anashindwa kumpatanisha na kompani. Jambo linafika ku tribinali ya kazi. Nani atapeleka karatasi ku biro ya kompani? Wisie yule yule. Mlinzi wa kompani akimpiga kwa kumzuia, sharia ile ile inamkamata. Kama wisie anaogopa kartie na anaogopa kompani, haki yako itabakia mu kabati ya grefie.

Basi, ufanye nini? Omba akuonyeshe karte yake ya kazi. Soma, ao mwite mtoto mwenye kujua Kifaransa asome. Chunga kopi, andika tarehe. Kama neno la juji halikupendeze, mu mambo ya deni na nyumba sharia inakupa siku 30 za kufanya apeli tangu ulipoletewa karatasi. Usingoje ya mwisho. Kama wisie aliomba makuta ya siri, ao alibeba vitu bila kuviandika, mshitaki kwa mkubwa wa tribinali ao ku parke. Pale malalamiko yako yatasikilizwa, mradi hukumgusa.