Panya na Siri ya Goti Lililovimba

Watu wapatao 30 katika kila 100 hubeba puani bakteria aitwaye stafilokoki bila kudhurika. Mara chache bakteria huyo hupenya jerahani, akaingia katika damu na kuchukuliwa mpaka gotini au nyongani. Kiungo huvimba, huwa cha moto na kujaa usaha. Gegedu, yaani ile tishu nyororo ifunikayo ncha za mifupa, huweza kuharibika katika siku chache, wala haioti tena vizuri. Maambukizo yakienea na mwili ukashindwa kuyadhibiti, figo na mapafu huzorota. Hali hiyo huitwa sepsisi, nayo huua.

Ni nani hasa alaye gegedu: bakteria, au mwili wenyewe? Mgonjwa hawezi kutujibu, kwani afikapo hospitali ugonjwa umekwisha kuanza. Na kumwambukiza mtu kwa makusudi ni jambo lisilofikirika. Ndiyo sababu panya hutumiwa.

Mfano mmoja mashuhuri ulianza kwa sadfa. Mwaka 1990 watafiti wa Göteborg, nchini Sweden, walieleza jinsi panya wa maabara walivyopatwa na ugonjwa huu pasipo kuambukizwa na mtu. Bakteria waliotolewa katika kiungo kilichovimba waliitwa LS-1, na baadaye wakadungwa katika mshipa wa mkia wa panya wazima. Msomaji azingatie: walidungwa mshipani, si gotini, kwa kuwa kwa binadamu pia bakteria mara nyingi hufika kiungoni kwa njia ya damu. Dozi ya wastani huvimbisha viungo. Dozi kubwa huleta sepsisi.

Majibu yalishangaza. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba hata DNA tupu ya bakteria, ikidungwa kiungoni, huleta uvimbe. Kumbe bakteria aliyekufa naye huchokoza chembe za kinga, na vimeng'enya vya chembe hizo huitafuna gegedu. Je, basi tuizime kinga? Mwaka 1998 panya waliozaliwa bila TNF na protini nyingine ya jamii yake, ambazo ni wajumbe wa uvimbe, walisalimika viungo, lakini wengi zaidi walikufa.

Hapa tahadhari yahitajika. Panya huhimili sumu ya kuta za bakteria wengine kwa kiasi ambacho kingemwua mtu. Katika miaka ya 1990, dawa za kuzuia TNF zilizowaokoa wanyama hazikuwafaa wagonjwa wa sepsisi kama ilivyotarajiwa.

Lakini kwa viungo njia moja ilifaulu. Panya waliopewa antibiotiki pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe walipata madhara machache kuliko waliopewa antibiotiki peke yake. Jaribio kama hilo lilifanywa Costa Rica kwa watoto wenye ugonjwa huu, likatangazwa mwaka 2003: siku 4 za deksamethasoni, pamoja na antibiotiki, ziliwapunguzia ulemavu wa viungo.