AMRI ZA KWATA: KILA NENO LINA SABABU YAKE

Kila mwaka tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, watu wengi nchini Kenya hukusanyika kuwatazama askari wakipita kwa gwaride. Husifu jinsi miguu mia inavyokanyaga kama mguu mmoja, na jinsi mikono inavyopanda na kushuka pamoja. Lakini si wengi wanaoelewa maneno yale yanayotolewa kwa sauti kuu na afisa anayeongoza. Wako wanaodhani kwamba kwata ni mchezo wa kupendeza macho tu, na wako wanaodhani kwamba ni adhabu ya kuwachosha askari wapya. Wote wamekosea. Kila amri ya kwata ilizaliwa na haja, na nyingine zilizaliwa na msiba.

ASILI YA KWATA

Majeshi ya kale, kama yale ya Warumi, yalijua kutembea kwa mpango. Lakini kwata ya siku hizi ilianza kupata umbo lake nchini Uholanzi katika miaka ya 1590, wakati Maurice wa Nassau alipokuwa akiongoza vita dhidi ya Wahispania. Bunduki za siku zile zilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, na kufyatuliwa kwa utambi uliokuwa ukiwaka. Fikiri basi hatari yake: mtu amebeba baruti kifuani, na jirani yake, ambaye amesimama karibu naye sana, ameshika utambi wenye moto. Mmoja akiharakisha na mwingine akichelewa, wote wawili waweza kuungua kabla hawajamwona adui.

Kwa ajili hiyo, kazi ya kushindilia na kupiga bunduki iligawanywa katika vitendo vidogo vidogo, na kila kitendo kikapewa amri yake. Mwaka 1607 kilichapwa kitabu cha picha cha Jacob de Gheyn, kilichoonyesha vitendo zaidi ya 40 vya kutumia bunduki moja tu. Tena askari walifundishwa kupanga safu: safu ya mbele ikisha kupiga, hurudi nyuma kushindilia upya, na safu inayofuata husogea mbele kupiga. Jambo hili haliwezekani ila kwa watu waliozoea kutii neno moja kwa wakati mmoja.

AMRI INA SEHEMU MBILI

Jambo la kwanza analofunzwa kiongozi wa kwata ni kwamba amri nyingi zina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huonya, na sehemu ya pili hutekelezwa. Akisema "Kulia," askari wajua ni upande gani, wala hapana anayetikisika. Kisha hufuata kimya kidogo. Hapo tena hulitoa neno la pili, fupi na kali: "Geuka!" Ndipo wote hugeuka mara moja.

Kimya hicho cha katikati ndicho roho ya amri. Kikiwa kifupi mno, askari wa safu ya nyuma hawajajiweka tayari. Kikiwa kirefu mno, mwenye haraka hugeuka peke yake na kuharibu safu nzima. Kiongozi mbaya hupiga kelele nyingi. Kiongozi mzuri huonya kwa sauti ya kuvuta, husubiri, kisha hutoa neno la mwisho kwa mkato. Wala haifai watu wawili watoe amri kwa kikosi kimoja kwa wakati mmoja, maana manahodha wengi, chombo huenda mrama.

MANENO YA MSINGI

Amri za kwanza wazijua hata watoto wengi wa shule, ambao huzisikia kwa Kiswahili katika uwanja wa michezo. "Mguu sawa!" maana yake ni kusimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni, macho mbele. Kwa desturi ya jeshi la Uingereza, ambalo ndilo lililoanzisha kwata ya Kenya, ncha za viatu huachana kidogo ili mwili usiyumbe. "Mguu pande!" ni kuupeleka mguu wa kushoto kando kiasi cha inchi 12, na kuweka mikono nyuma, wa kulia ndani ya wa kushoto. Baada yake yaweza kufuata amri ya kulegea, ambayo humruhusu askari kutikisa viungo vyake, lakini miguu haihami mahali pake.

"Kulia, geuka!" hufanywa kwa kisigino cha mguu wa kulia na ncha ya mguu wa kushoto, "Kushoto, geuka!" ni kinyume chake. "Nyuma, geuka!" humgeuza mtu kabisa, akipitia upande wake wa kulia. Kama kila mmoja angechagua upande wake, majirani wangegongana kwa bunduki. "Mbele, tembea!" huanza daima kwa mguu wa kushoto, kwa sababu hiyo hiyo: mwanzo ukiwa mmoja, hatua zote zitakazofuata zitalingana. "Tawanyika!" humaliza kazi, lakini hata hapo askari hugeuka kwanza, humsalimu afisa kama yupo, kisha ndipo huondoka.

HATUA NI KIPIMO

Hatua ya askari si ya kubahatisha. Kwa kipimo cha Kiingereza kilichotumika miaka mingi, hatua ya kawaida ni inchi 30, na mwendo wa kawaida ni hatua 120 kwa dakika. Hesabu hiyo ni yadi 100 kamili kwa kila dakika. Kikosi kikitembea dakika 50 na kupumzika dakika 10, hupata yadi 5,000 kwa saa, yaani karibu maili 3. Hivyo kiongozi aliyetazama ramani na saa yake huweza kusema ni lini watu wake watafika mtoni, na ni lini chakula kiwe tayari. Ndiyo maana sajini meja huonekana uwanjani na fimbo yenye miguu miwili kama bikari: hiyo si ya kupigia watu, bali ni ya kupimia hatua.

DARAJA LILILOANGUKA

Iko amri moja ambayo mtazamaji wa gwaride haisikii, nayo ni ya kuvunja hatua. Tarehe 12 Aprili, 1831, askari 74 walikuwa wakivuka daraja la minyororo huko Broughton, karibu na Manchester nchini Uingereza. Walikuwa wakikanyaga kwa pamoja, na daraja likaanza kupanda na kushuka kwa mapigo ya miguu yao. Wakafurahia jambo hilo. Mara chuma kimoja kilichoshikilia minyororo kikakatika, daraja likaanguka upande mmoja, na askari wengi wakatumbukia mtoni. Hakufa mtu, lakini kiasi cha watu 20 waliumia. Chuma chenyewe kilikuwa na kasoro, lakini ile hatua moja ya watu wengi ndiyo iliyokimaliza.

Tangu hapo askari wa Uingereza waliamriwa kuvunja hatua wanapovuka daraja, kila mtu atembee apendavyo. Huko Angers, Ufaransa, mwaka 1850, daraja jingine lilianguka wakati askari wakivuka katika dhoruba, na zaidi ya 200 wakafa. Hao walikuwa wameamriwa kuvunja hatua, lakini daraja lilipoyumba kwa upepo, kila mmoja aliyumba nalo ili asianguke, na hatua zao zikalingana tena bila kukusudia. Nyaya zake za chuma nazo zilikuwa zimeliwa na kutu.

KWATA KATIKA KENYA

Jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika ya Mashariki na Uganda. Katika vikosi vya Uganda walikuwamo Wasudani waliokuwa wamepata mafunzo yao chini ya serikali ya Misri. Maneno ya jeshi yaonyesha safari hiyo mpaka leo. Neno "askari" ni la Kiarabu. "Afande" latoka Kituruki, likapita Misri na Sudan. "Singe" latoka Kihindi. Na "gwaride" latoka Kiingereza.

Vijana walioingia Keya walitoka katika makabila mengi, Wakamba, Wanandi, Waluo na wengineo, na wengi hawakusikilizana kwa lugha za nyumbani kwao. Uwanja wa kwata ulikuwa mahali pa kwanza walipotenda jambo moja pamoja. Katika Vita ya Pili ya Dunia, askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Burma mwaka 1944, katika misitu na matope ambamo hapakuwa na nafasi ya gwaride. Lakini mazoea ya kusikiliza sauti moja waliyapata zamani uwanjani. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, vikosi vya Keya vya Kenya vilipewa jina jipya la Kenya Rifles, na kwata ikaendelea.

Raia nao hawakubaki kutazama tu. Watu wa pwani walichukua tarumbeta, safu na vyeo vya jeshi wakavitia katika ngoma ya beni, na mwanzoni mwa karne ya 20 vikundi vya Mombasa vilishindana kwa mavazi na kwa mwendo.

Kiongozi wa skauti, mwalimu wa shule au sajini anayewafundisha wengine yampasa akumbuke mambo haya mawili pamoja. Hatua moja huwapa watu wengi nguvu ambayo mmoja wao hana, na nguvu hiyo hiyo yaweza kuangusha daraja lililo chini yao. Anayejua kupiga amri ya "Mbele, tembea!" amejifunza nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kuijua njia iliyo mbele, ili amri ya kuvunja hatua itoke kabla mguu wa kwanza haujakanyaga daraja.